Mashine Ifungue, Mkono Ukaze

Leo nakaa na mafundi wa gari, hasa vijana wa Kizimbani hapa Unguja na majirani zao wa Dole na Bumbwisudi, na pia nakaa na kila mwenye gari na kila mpanda gari. Nataka tuzungumze juu ya mashine ya betri ya kufungulia nati, ile ambayo vijana wanaiita bunduki. Miaka michache nyuma ungeiona kwenye gereji kubwa za mjini tu. Siku hizi inafika mpaka chini ya mwembe, na mimi naifurahia kwa dhati. Lakini nina neno moja ambalo nitalirudia mpaka nichoshe watu: mashine hii ni ya kufungulia. Kukaza kwa mwisho ni kazi ya mkono, tena mkono wenye kipimo.

Kwanza nieleze kwa nini naipenda, na kwa nini naona inaifaa shamba kuliko mjini. Bunduki ya upepo, ile ya zamani, haifanyi kazi bila kompresa, na kompresa haifanyi kazi bila umeme wa kutosha au injini ya petroli. Sisi watu wa Unguja tunajua umeme ni mgeni wa namna gani. Umeme wetu unavuka bahari kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya maji mpaka Fumba. Mwaka 2008, Mei hadi Juni, tulikaa karibu mwezi mzima gizani. Kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa miezi mitatu, mahoteli yakiungurumisha jenereta na mafundi wadogo wakikaa vibarazani mikono imewalala. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013, na hali ikawa nzuri zaidi. Hata hivyo fundi aliyepitia miezi ile mitatu hawezi kudharau chombo kinachobeba umeme wake mwenyewe. Betri moja kubwa ya mashine hii ina wati-saa 90 hivi. Huo ni umeme mdogo ambao paneli ya jua ya wati 100 inaweza kuurudisha mchana mmoja, na saa za ziada zikabaki.

Tena gari za Kizimbani haziharibiki gereji. Zinaharibika njiani. Hapa ndipo zinapopita Noah na Hiace za watalii wanaokwenda mashamba ya viungo, na zinapopita gari za mananasi na mihogo. Mapokeo yanasema mikarafuu ya mwanzo katika kisiwa hiki, mwanzoni mwa karne ya 19, ilipandwa hapa Kizimbani, na hamamu ya Kiajemi ya zama za Seyyid Said ingali imesimama. Kwa hiyo wageni hawakatiki. Pancha ikitokea katikati ya njia ya shamba, na watu saba wamo ndani, fundi anayekuja na pikipiki, mashine begani na soketi tatu mfukoni, ni fundi wa kumshukuru Mungu.

Na kuna chumvi. Kisiwa chembamba kama chetu, upepo wa kusi ukivuma unabeba bahari mpaka ndani kabisa. Gari inayolala Nungwi au Paje inarudi shamba na nati zilizoshikana na stadi, zile bolti zinazofungiwa nati. Nati iliyokazwa vizuri mwaka jana, leo inataka nguvu mara mbili au tatu ili ilegee. Hapo ndipo vijana walipokuwa wakirukia mpini wa spana kwa miguu miwili, spana inachomoka, goti linagonga ringi. Mashine imewaondolea adha hiyo.

Sasa inafanyaje? Ndani yake mota haizungushi nati moja kwa moja. Inazungusha nyundo ya chuma iliyobanwa na springi. Nati ikikataa, nyundo inarudi nyuma kidogo, inajiachia, inapiga, inarudi, inapiga, mara elfu mbili, tatu na zaidi kwa dakika. Ni kama mtu anayegonga mpini wa spana kwa nyundo, ila anagonga mara 40 au 50 kwa sekunde. Kwa kuwa nguvu inatoka katika pigo, mkono wa fundi hausukumwi sana, na kutu inayopigwa hivyo inapasuka na kuachia. Lakini shikeni jambo hili, kwa sababu yote nitakayosema baadaye yanatoka humo: mashine inayopiga haijui imefikia wapi. Kila pigo linaongeza kidogo, na linategemea kutu, mafuta, urefu wa soketi na chaji iliyobaki. Haipimi.

Tuje kwenye kununua. Dukani watu wanasoma namba kwenye boksi, na boksi ndilo linalosema uongo kuliko kitu chochote katika biashara hii. Utaona volti 21, volti 48, volti 88, na nyingine zimeandikwa namba zinazopita mia. Mwenye duka anasema hii ndiyo kali. Ndugu yangu, volti haikai kwenye karatasi, inakaa kwenye seli. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6 ikiwa katika kazi na 4.2 ikiwa imejaa. Betri za mashine hizi, kwa sehemu kubwa, zina seli tano zilizofuatana. Zidisha 3.6 kwa tano, unapata 18. Chukua volti 4 kwa tano, unapata 20. Chukua 4.2 kwa tano, unapata 21. Kwa hiyo ile ya 18, ile ya 20 na ile ya 21 ni betri za nguvu moja, zimehesabiwa saa tofauti. Na nyingi kati ya hizo zinazojiita 48 au 88, ukizifungua tumbo, utakuta seli zile zile tano au kumi, hakuna cha zaidi.

Kinachotofautiana kweli ni wingi wa seli na ubora wake. Seli tano peke yake ni betri ndogo. Seli kumi, yaani safu mbili za tano, ni betri kubwa, na ndiyo inayoweza kutoa umeme mwingi kwa pigo moja bila kuzimia. Mashine nzuri ukiifunga betri ndogo inakuwa mvivu, na fundi anailaumu mashine. Kwa kazi ya magurudumu chukua betri ya ampea-saa 4 au 5, na inyanyue mkononi kabla hujalipa. Betri iliyoandikwa 5 lakini nyepesi kama ile iliyoandikwa 2 imejitolea ushahidi yenyewe.

Namba ya pili ni nyutoni mita, yaani nguvu ya kuzungusha. Hapa pia boksi lina ujanja. Kuna nguvu ya kufungulia na nguvu ya kufungia, na ya kufungulia ndiyo kubwa, basi ndiyo inayoandikwa kwa herufi nene. Ushauri wangu kwa fundi wa Noah, Hiace, IST na Escudo ni huu: mashine ya mdomo wa nusu inchi, yenye nyutoni mita 400 hadi 600 za kweli, inatosha na kubaki. Zile ndogo sana zitakuaibisha mbele ya kutu ya Nungwi. Zile za elfu na zaidi ni nzito na ndefu, haziingii ndani ya bawa la gari, na akizishika kijana asiye na uzoefu anakata stadi kabla hajajua kilichotokea. Matrekta ya skuli ya kilimo pale Kizimbani yana nati za daraja jingine, yanataka mdomo wa robo tatu inchi, hayo tuyaache. Tafuta mashine yenye ngazi za nguvu, angalau mbili au tatu, na mota isiyo na brashi za kaboni, kwa sababu haichoki haraka na haitaki kubadilishwa kitu ndani.

Ukishachagua jina, umechagua ukoo. Betri ya Makita haiingii kwenye Bosch, ya Bosch haiingii kwenye DeWalt, na ya Total au ya Ingco kila moja ina nyumba yake. Kwa hiyo usiulize bei ya mashine tu. Uliza bei ya betri ya pili, na uulize kama utaipata mwakani hapa hapa au utalazimika kupanda boti kwenda Kariakoo. Mashine ya kawaida ambayo betri yake inauzwa mjini ni bora kuliko mashine ya kifalme ambayo betri yake ipo ng'ambo. Zipo pia zinazovaa rangi ya Makita bila kuwa Makita. Baadhi yake zinafanya kazi, lakini ndani ya betri zake mara nyingi hakuna ule ulinzi wa kuzuia seli isipate moto au isiishe kupita kiasi, na seli ya lithiamu ikishika moto haizimwi kwa kibwebwe.

Wengi wetu tuna ndugu Dubai na Maskati, na zawadi ya mashine ni zawadi nzuri. Mwambie ndugu yako mambo mawili. Betri zisiwekwe kwenye begi la chini la ndege. Betri za akiba zinabebwa mkononi, ndani, na vituo vyake vimefunikwa. Betri ya wati-saa chini ya 100 inapita bila ruhusa maalumu, na ile ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90, kwa hiyo imo ndani ya mpaka. Zaidi ya 100 mpaka 160 unaomba ruhusa kwa shirika la ndege. Jambo la pili ni chaja. Ya Ghuba inafaa kwetu, plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Lakini vifaa vilivyotumika vinavyokuja ndani ya makontena kutoka Japani vina chaja za volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Unguja utasikia mlio mmoja, na harufu itakueleza yaliyobaki.

Betri yenyewe inachukia joto. Usiiache ndani ya gari iliyofungwa juani. Ikitoka kazini ya moto, iache ipoe ndipo uichaji, na kama utakaa wiki kadhaa bila kuitumia, iweke nusu, isiwe imejaa wala isiwe tupu.

Kabla ya kugusa nati, tazama soketi. Hapa sina utani hata kidogo. Soketi zinazong'aa, zile za kwenye kisanduku cha kawaida, zimefanywa kuwa ngumu kwa ajili ya mkono. Zikipigwa mara maelfu kwa dakika zinaweza kupasuka, na kipande kinaruka kuelekea usoni. Soketi za mashine ni nyeusi, nene, za chuma cha kromu na molibdeni, ambacho kinavumilia pigo. Nunua tatu tu kama pesa ni kidogo: 17, 19 na 21. Toyota nyingi ndogo ni 21, Honda na Suzuki nyingi ni 19. Kwa ringi za aluminiamu tafuta yenye ukuta mwembamba na ala ya plastiki nje, isikwaruze ringi ya watu. Vaa miwani. Na masikio pia: kelele ya mashine hii inaweza kufika desibeli 100 na zaidi, na wataalamu wa afya ya kazi wanasema kwa desibeli 100 sikio lisikae zaidi ya dakika 15 kwa siku. Fundi anayefungua magurudumu mchana kutwa bila kuziba masikio atakuja kuuliza adhana imepigwa au bado.

Katika kufungua, mashine inastahili sifa zake zote. Iweke soketi mpaka mwisho wa nati, imenyooka. Ukipiga kwa sekunde 10 na nati haijatikisika, acha. Kuendelea kunachosha betri na kunaviringisha pembe za nati. Paka mafuta ya kupenya kutu, ngoja, kisha jaribu kwanza kuikaza kidogo sana ndipo urudi kuifungua. Kutu inavunjika kwa kutikiswa pande zote mbili. Kiungo kirefu kati ya mashine na soketi kinakula nguvu, kwa hiyo tumia kifupi iwezekanavyo. Kwa nati ya ekseli ya mbele, ambayo kwenye Toyota nyingi inafungwa kwa zaidi ya nyutoni mita 200, na kwa bolti ya puli ya injini, hakuna chombo kinachofaa zaidi, maana pigo linafungua kabla kitu chenyewe hakijazunguka. Lakini plagi za injini na nati ya kumwagia oili, mkono tu. Pale mara nyingi ni aluminiamu, na hesi za aluminiamu hazisamehe.

Na kwa wale wa gari za mizigo na zile gari za abiria za chai maharage zilizobaki: malori mengi ya zamani ya Kijapani, Canter na wenzake, yana nati za kinyume upande wa kushoto, yaani upande wa mlango wa abiria. Unapodhani unafungua, unakaza. Kwa mkono utagundua mapema. Kwa mashine, utakuwa umekata stadi. Safisha kichwa cha stadi uangalie herufi L, kisha uchague upande wa kuzungusha.

Sasa nimefika pale ninapotaka. Gurudumu limebadilishwa, fundi ana haraka, mteja anatazama saa. Fundi anashika nati, anaitia mdomoni mwa soketi, anabonyeza. Trrrrr, nati tano, sekunde chache, kazi imekwisha. Mteja anasifu: fundi huyu mwepesi.

Wasikilizaji, nati ya Toyota ndogo, Noah na wenzake, inatakiwa ikazwe kwa nyutoni mita 103. Mashine yenye 400 iliyoachiwa ipige inavyotaka inaweza kuipeleka mara tatu au nne ya hapo. Hesabu inaonyesha maana yake. Nyutoni mita 103 ni sawa na kilo 21 zinazovutwa mwishoni mwa mpini wa nusu mita. Nyutoni mita 400 ni kilo 82 kwenye mpini huo huo. Sasa mpini wa spana inayokaa ndani ya buti ya gari hauna hata nusu mita. Nyingi ni kama sentimita 30. Kwa mpini huo, nati iliyokazwa sawasawa inataka kilo 35, jambo ambalo mama mmoja anaweza kulifanya kwa uzito wa mwili wake. Nati iliyokazwa na mashine inataka kilo 136. Mama huyo yuko njia ya Jozani saa mbili usiku, ana watoto nyuma, ana tairi ya akiba nzima, ana jeki, ana spana, na hawezi kufanya kitu. Amefungiwa gari yake na fundi aliyemsifu asubuhi. Mimi jambo hili linanikera, nami nataka liwakere na ninyi.

Hiyo ni nusu ya madhara. Stadi iliyovutwa kupita kiasi inarefuka, haionekani kwa macho, kisha siku moja inakatika. Diski ya breki inapinda, dereva anahisi usukani unatetemeka anapofunga breki, anatafuta ugonjwa pengine. Na upande wa pili upo pia: betri imekwisha nguvu, mashine imepiga kwa sauti ile ile, nati imebaki legelege, na hakuna aliyejua. Gurudumu linalochomoka barabarani haliangalii nani anatembea kandoni.

Njia ni hii. Kila nati ianze kwa vidole, mizunguko mitatu minne, usikie hesi zimeingia. Kisha mashine kwa ngazi ya chini kabisa, na uache mara nati inapogusa ringi. Fuata nyota, usizunguke kwa mfululizo, ringi ikae katikati. Shusha gari mpaka tairi iguse chini. Halafu spana ya kupimia, iwekwe 103, nati moja moja, mpaka ilie. Spana hiyo ya kupimia ni chombo cha kwanza ambacho ningemwambia kijana anunue, hata kabla ya mashine.

Na asiyekuwa nayo? Kizimbani kila nyumba yenye karafuu inajua mzani wa kuning'iniza. Chukua mpini wa spana wenye nusu mita kamili, kutoka katikati ya nati mpaka pale unapovutia. Ning'iniza ndoana ya mzani hapo, vuta kwa pembe mraba, usipindishe, na uangalie mshale. Ukifika kilo 21, acha. Hizo ndizo nyutoni mita 103, wala si za kubahatisha. Nimeona vijana wakishangaa kilo 21 ni kidogo namna gani, wamezoea kusimama juu ya mpini. Ni kidogo, na ndiyo kipimo alichoweka aliyetengeneza gari. Gari nyingine zina kipimo chake, kimo ndani ya kitabu. Kigawe kwa 4.9 upate kilo za kuvuta kwenye mpini wa nusu mita.

Kabla ya kurudisha ringi, piga burashi ya waya pale inapokaa kwenye bosi, yaani kitovu cha gurudumu. Kutu na rangi iliyobanwa katikati inaondoka njiani, na nati inalegea bila mtu kuigusa. Kwa sababu hiyo hiyo nati zipimwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa hapa kwetu, gari ikitoka mjini kwenda Nungwi na kurudi imeshatimiza. Mwenye gari, rudi kwa fundi, na umwombe avute kwa mzani mbele yako. Nati zikisogea kidogo, zimekaa mahali pake. Zikisogea robo mzunguko au zaidi, usizikaze tu ukaondoka: vua gurudumu, tazama stadi, tazama tundu za ringi, tafuta kilichokaa katikati.